Je, wajua kwa nini nusu ya ndimu inatosha kukuambia kama jiwe la kaunta ya jikoni ni granaiti kweli?

Dada yangu alimaliza jiko lake mwaka jana, kaunta nyeusi tii, inang'aa mpaka bulbu ya juu unaiona kama imewashwa ndani ya jiwe. Jiwe alilichagua mwenyewe yadi, pale wanapouza mawe, akaambiwa hii granaiti mama, hii utamwachia mjukuu. Wiki ya pili tu alikuwa anatengeneza kachumbari, akakata ndimu, nusu akakamulia na nusu akaiacha imejifunika pembeni ya sinki akaenda kugeuza samaki. Aliporudi akaiokota akafuta pale, duara likabaki. Duara lenye weupe weupe, saizi ileile ya ndimu, ukilipapasa kwa kidole unasikia limekwaruza kidogo. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa baking soda, wapi. Akanipigia karibu analia, granaiti yangu imeingia doa.

Lile halikuwa doa, na jiwe lile halikuwa granaiti.

Doa ni kitu kimeingia ndani ya jiwe, ila pale kwa dada ni jiwe lenyewe ndiyo lilikuwa limeliwa. Alikuwa ameuziwa marumaru nyeusi, na hapa namaanisha marumaru jiwe, siyo vigae vya sakafuni ambavyo wengi wetu tunaviita hivyohivyo. Marumaru asili yake ni jiwe la chokaa lililopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi, ndani yake ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichopo kwenye matumbawe na kwenye ganda la yai. Ukitaka kuona kinachotokea chukua yai bichi uliweke kwenye glasi ya siki, saa hiyohiyo utaona vipovu vinapanda, ile ni hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka, na ukiliacha mpaka kesho ganda limekwisha, unabaki na yai laini limeshikwa na ngozi yake tu. Ndimu juu ya marumaru inafanya hivyohivyo ila kwa kiwango kidogo sana, inakula ile ngozi ya juu iliyopigwa polishi, uso unakuwa na vishimo ambavyo macho hayavioni, mwanga haurudi tena vizuri, na kwenye jiwe jeusi unaona weupe. Siyo ndimu peke yake pia, ukwaju, siki, hata nyanya iliyokatwa ikikaa. Sasa fikiria jiko letu sisi, siku gani inapita bila kimojawapo?

Granaiti ni habari nyingine kabisa. Hiyo ilikuwa uji wa moto kilomita nyingi chini ya ardhi, ukapoa taratibu mno, na kwa sababu umepoa taratibu chembe zake zilipata muda wa kukua mpaka unaziona kwa macho. Aliyefika Mwanza ameiona sana, yale mawe makubwa yaliyopandana ziwani na milimani ni granaiti, na miamba ya kule ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ukiinama karibu na granaiti ya kawaida utaona punje za kijivu kama kioo, hizo ni kwatzi, nyeupe au za pinki ni feldspa, na vile vipande vyeusi vinavyometameta ni maika. Kwatzi na feldspa hazina chokaa, ndimu haina cha kuzifanya. Halafu ni ngumu, kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 mpaka 10, kwatzi ni 7, feldspa 6, kisu chako cha jikoni kiko kama 5 na nusu, na madini ya marumaru ni 3 tu. Yaani kisu kinachoichora marumaru kikifika kwenye granaiti ni chenyewe kinachokuwa butu, kwahiyo ubao wa kukatia weka tu, unaokoa kisu.

Sasa kuna jambo linawachanganya wengi, hizi nyeusi. Kwa wanajiolojia granaiti nyeusi tii haipo, zile nyingi za Zimbabwe, India na Afrika Kusini ni dolerite au gabro, mawe mengine meusi yaliyotokana na uji wa moto uliopoa, ila sokoni zote zinaitwa granaiti. Hapo usigombane na muuzaji, ni mawe mazuri, hayana chokaa na nyingi zinanyonya maji kidogo kuliko zile za rangi nyepesi. Tatizo ni zile za kijivu zilizopakwa rangi zionekane nyeusi. Chukua kitambaa cheupe, kitie asetoni ile ya kufutia rangi ya kucha, sugua sehemu moja vizuri. Kitambaa kikitoka cheusi, ondoka.

Kama umependa nyeupe au krimu, jaribio lako ni maji. Mwaga kijiko kimoja juu ya jiwe usubiri dakika 10 mpaka 15, ukifuta ukakuta pamekuwa peusi ujue jiwe linanyonya na litahitaji sila, ile dawa ya kuziba vitundu, na uirudie kila maji yakianza tena kuzama. Granaiti haiogopi ndimu lakini mafuta ya kula na manjano yanaweza kuingia. Yakiingia mafuta, kanda baking soda na maji iwe nzito, paka, funika na nailoni mpaka kesho, inayavuta yatoke. Huenda ukarudia mara mbili tatu.

Ndiyo maana nasema usinunue kwa kuangalia tu. Omba kipande kilichobaki cha jiwe lilelile, lala nacho nyumbani na ndimu, mafuta na maji, asubuhi utakuwa unajua zaidi ya maneno yote ya yadi. Muuzaji akikataa kukupa hata kipande, nenda kwa mwingine.

Uzito nao uulizie mapema. Meta moja ya mraba yenye unene wa sentimita 2 ni kama kilo 54, ya sentimita 3 inafika kilo 80, kwahiyo kabati dhaifu halifai, na pale mbele na nyuma ya sinki jiwe linapobaki jembamba ndipo linapovunjika, hata wakati wa kubeba. Na tafadhali sana, fundi akija kukata na grainda mwambie akate kwa maji na avae barakoa. Lile vumbi lina silika, ndiyo ileile inayounda kwatzi, likiingia kwenye mapafu linayaharibu moja kwa moja, halitibiki. Australia walifikia kupiga marufuku yale mawe ya kutengenezwa kiwandani ya kwatzi kuanzia Julai 2024 kwa sababu hiyo, na granaiti ina silika kidogo kuliko hayo lakini inayo. Kijana wa watu anakata jiko lako leo na kesho la mwingine, vumbi lote linaishia kifuani kwake.

Dada jiwe lake hakulibadilisha, hela ilikuwa imekwisha. Alikuja fundi wa polishi, akapiga pedi za maji kuanzia za kukwaruza mpaka laini kabisa, duara likapotea, sasa ndimu zinakatiwa kwenye sahani na likidondoka tone linafutwa hapohapo. Kile kipande kilichokatwa katikati kupisha sinki alikuwa nacho stoo, maana hicho ni chako umeshakilipia, akanipa mimi. Jiwe linakaa na ubaridi, unga hauanzi kulainika mikononi, ndipo ninaposukumia chapati kila Jumapili.