Kabla Hujamtegea Mnandi

Mvua zimejaza mabwawa, ndege wamefuata maji, na malalamiko yamefuata ndege hadi mezani petu. Wafugaji wa samaki wa Kisauni, Likoni na Changamwe, hapa Mombasa, wanakuja na hadithi moja: mnandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, wameshuka alfajiri, perege wamekwisha, serikali ilipe. Wengine hawakungoja jibu. Wametandaza nyavu za nailoni au wametega samaki waliotiwa dawa ya wadudu, na kwa ajili ya hao nimeona niandike.

Tuanze na hiyo alfajiri. Mwani wa bwawa hutoa oksijeni mchana, jua likiwaka, kisha usiku huivuta kama kiumbe kingine chochote. Samadi ikizidi, au chakula kikitupwa kwa mkono mzito, maji hugeuka kijani kibichi na saa za kabla ya mapambazuko oksijeni huwa karibu kwisha. Samaki hupanda juu, midomo wazi, wakitafuta pumzi. Mnandi, koikoi wa miguu mirefu na mdiria huwaona kwa mbali. Mwenye bwawa anaamka, anakuta ndege wamejipanga ukingoni na samaki wanaelea, hukumu inatoka hapo hapo. Kumbe ndege wamekuja matangani; muuaji ni samadi. Wakijazana ghafla asubuhi moja, acha jiwe. Simamisha chakula siku hiyo na uingize maji mapya.

Kisha tazama ukubwa wa mdomo. Mnandi mdogo mwenye mkia mrefu hana hata kilo moja, na samaki wake ni wa kiasi cha kidole. Mdiria yule wa madoadoa meusi na meupe, anayepepea hewani mahali pamoja kabla ya kupiga mbizi, humeza wadogo zaidi. Kwa hiyo vifaranga, naam, huliwa. Ila perege wa kujaza sahani aliyetoweka usiku ana maelezo mengine, na mara nyingi maelezo hayo yana miguu miwili na gunia. Kuna pia kenge. Kuna na kambare aliyeingia na maji ya mafuriko, akakaa chini kimya akila vifaranga vyako huku wewe ukitazama angani.

Ndege hula kilichopo. Katika Ziwa Victoria, sangara aliyeletwa na binadamu miaka ya 1950 alipowapunguza furu, samaki wadogo wa asili wa huko, mdiria na mnandi wa huko walihamia dagaa. Aliyevuruga ziwa alitoka kwenye ndoo, hakutoka angani. Ndiyo sababu tunakuwa wakali mtu anapomwaga sato wa kufugwa, jamaa wa perege kutoka maji mengine, mtoni Kombeni, au kwenye kijito chochote, eti “waongezeke”. Perege wa asili wa mito yetu ya pwani huzaana na wageni hao, na uzao ukishachanganyika hauwezi kutenganishwa tena. Kuhamisha samaki hai kwenda maji ya umma kunahitaji idhini ya maandishi ya mamlaka ya uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016. Ruhusa ya mdomo ya mzee wa mtaa si idhini.

Swali la kila baraza ni vijinundu vya njano kwenye nyama ya samaki. Hao ni minyoo, na hapa ndege ana mkono wake: mnyoo mkubwa hukaa kooni mwa koikoi, mayai huangukia majini, huingia kwa konokono, kutoka hapo kwa samaki, kisha koikoi akimla samaki mzunguko unaanza upya. Pa kuukata ni kwa konokono. Ng'oa magugu ya ukingoni wanapojishikiza. Korongo domo-wazi atakusaidia, maana konokono ndio chakula chake, na huyo pia nimesikia anafukuzwa kwa manati. Samaki akiiva sawasawa, mnyoo hufa.

Sasa fidia. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kifungu cha 25, aliyeharibiwa mali hupeleka dai kwa Kamati ya Kaunti ya Uhifadhi na Fidia. Dai huhakikiwa, hasara hukadiriwa kwa bei ya soko, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 kukata rufaa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Dai la mali hukataliwa pia ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kuilinda. Nimeeleza yote hayo kwa sababu huulizwa kila wiki. Lakini Jedwali la Tatu, linalotaja wanyama wanaolipiwa, lina tembo, simba, mamba, kiboko na wenzao. Mnandi hayumo. Mdiria hayumo. Kuleta picha zaidi za mnandi hakutalibadilisha jedwali.

Kwa upande wa pili, kumuua ndege wa porini bila kibali ni kosa, faini au kifungo au vyote viwili, na “nilikuwa nalinda mali yangu” haikupi kibali. Sumu ni mbaya zaidi, kwani haichagui: chambo ulichomwekea koikoi kitaokotwa na furukombe, na paka wa jirani, na siku nyingine na mtoto.

Kinga ni kazi ya fundi wa kawaida. Chonga kingo ziwe wima, maji yaanze na kina cha mapaja ya mtu mzima, koikoi akose pa kusimama. Vifaranga viwekwe kwenye kizimba cha wavu mpaka vikue. Funika bwawa kwa wavu wa kamba nene, wa rangi inayoonekana, ukikazwa kama ngoma ili ndege adunde badala ya kunasa. Wavu wa uzi mmoja wa nailoni, ule usioonekana, umepigwa marufuku kwa uvuvi nchini, na juu ya bwawa kazi yake ni kunyonga.

Ukikuta ndege amenasa, mfunike kichwa kwa kitambaa kwanza, maana koikoi hulenga macho. Kata uzi, usikate manyoya. Mweke kivulini kwenye boksi lenye matundu, usimpe maji kwa nguvu, kisha ita maafisa wa wanyamapori. Hakuna atakayekukamata kwa kumwokoa.