Arctic Monkeys wa siku hizi: yanayosemwa na ukweli wake

Jumapili jioni tulikuwa Shangani ufukweni hapa Mtwara, washkaji watano na spika moja, nikaweka The Car, albamu ya saba ya Arctic Monkeys. Haijafika hata wimbo wa pili mmoja akachukua simu akabadilisha, eti "hawa wamezeeka, weka zile za zamani bwana". Mi nikanyamaza ila limenikaa, maana hilo neno nalisikia kila siku na mengine kibao yanayofanana nalo, sasa leo acha niyamwage yote hapa.

Kwa asiyewajua, ni bendi ya watu wanne toka Sheffield, Uingereza, mtunzi na muimbaji ni Alex Turner. Albamu yao ya kwanza ilitoka Januari 2006 na wiki ya kwanza tu huko kwao ziliondoka nakala zaidi ya 360,000.

Wanasema: wameishiwa, ndo maana wamepoa.

Hapana jamani. Baada ya albamu yao AM ya 2013, ile iliyowafikisha kila kona, Turner mwenyewe alisema gitaa lilikuwa halimpi tena mawazo. Alipotimiza miaka 30 meneja wake akampa zawadi ya piano ya Steinway, akaiweka kwenye chumba kimoja nyumbani kwake Los Angeles akawa anashinda humo. Sasa si unajua mtu akibadilisha chombo hata mkono unapita njia nyingine, na maneno yanaufuata. Ikazaliwa Tranquility Base Hotel & Casino ya 2018, albamu ya sita, yenyewe ni hoteli ya kubuni iliyoko mwezini, pale pale walipotua wale wa Apollo 11 mwaka 1969. Kuna wimbo humo mtu anakutangazia hiyo hoteli kama dalali, anakwambia juu ya paa kaweka mgahawa na wahakiki wameupa nyota nne kati ya tano, anakusifia vijisehemu vipya vinavyofunguliwa, mtaa unapendeza, wenye hela wanahamia. Watu wanasema hauna maana. Mi nauelewa vizuri sana, sisi tuliokuwepo Mtwara habari za gesi zilipopamba moto, kiwanja cha juzi kinatajwa kwa bei ya Dar, mwenye nyumba anakugongea asubuhi kukwambia kodi inapanda na choo bado ni kile kile, tunaupata huo utani pengine kuliko hata mtu wa London. Yani jamaa kaenda mpaka mwezini kukuta madalali wamemtangulia. Mtu aliyeishiwa haandiki hivyo.

Wanasema: walibadilika ghafla 2018.

Wapi. Mwaka 2009 walienda kurekodi jangwani California na Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age, wakatoka na albamu ya Humbug, nzito na yenye kiza, na mashabiki walilalamika vile vile. Na hata kabla ya hapo, albamu ya pili ya 2007 inafungwa na wimbo unaoanza taratibu kwa kinanda tu. Dalili zilikuwepo, tulikuwa tunaruka ruka hatukuziona.

Wanasema: mashairi ya zamani ndo yalikuwa ya kweli.

Hili ndo linaniudhi zaidi. Turner alitimiza miaka 20 kama wiki mbili na kitu kabla albamu ya kwanza haijatoka, kwa hiyo ameandika mambo ya umri ule, mabaunsa mlangoni, kugombea teksi usiku, gari la polisi. Ya kweli kabisa. Ila The Car imetoka ana miaka 36, unataka bado awe anabishana na baunsa? Wimbo wa kwanza humo, ule ambao mshkaji aliukatisha pale ufukweni, ni mtu mapenzi yamemuishia, anajua akisindikizwa mpaka kwenye gari ndo basi tena, na anachoomba ni kwamba iwepo ile taa ya vioo vidogo inayozunguka disko. Basi. Hamlaani mtu wala hapigi kelele. Mi nikisikia hapo huwa naacha ninachofanya.

Babu yangu Newala alikuwa mpiga ngoma. Nikiwa mdogo nilikuwa nakusanya nyasi za kuwashia moto, ngoma zinaota kwanza mpaka ngozi ikaze, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Ujanani walisema mikono yake haionekani kwa kasi. Mi nilimkuta mzee, anapiga pigo moja anaacha, unalisubiri la pili mpaka mabega yanakusisimka. Na hakuna aliyethubutu kusema kaishiwa.

Wanasema: wameingiza violini, siyo indie tena. Indie maana yake ni kujitegemea, kutokuwa chini ya kampuni kubwa za muziki. Lebo yao ni Domino, ilianzishwa 1993, na albamu zote saba zimepitia hapo hapo. Violini haihusiki.

Eti albamu zao za sasa ni ndefu zinachosha! Ya kwanza na ya sita zote zina dakika 41 hivi, The Car ina 37. Unaenda Mikindani kwa bajaji na kurudi, imeisha.

Na hili la kwamba watu wamewakataa: ya sita iliingia namba moja Uingereza, ya saba ikaingia namba mbili, na hapo imetoka siku moja na Midnights ya Taylor Swift, tarehe 21 Oktoba 2022, nani angempita? Zote mbili ziliteuliwa tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora huko kwao, hawakushinda, waliyoshinda ni ile ya 2006.

Nakubali lakini, ufukweni na spika si mahali pake, hapo kosa lilikuwa langu. Hizi ni za hedifoni, usiku, au safarini. Juzi nikajaribu tena, tuko basi la Dar na mshkaji yule yule, nikamvalisha hedifoni tangu Mnazi Mmoja ya Lindi. Tumefika Nangurukuru namuangalia, kalala fofofo, mdomo wazi, hedifoni ziko masikioni na albamu bado inazunguka.