Umri wa Akaunti: Kadi Mpya ya Mkopo Inavyogusa Alama Zako

Umri wa akaunti ni muda uliopita tangu akaunti ya mkopo ilipofunguliwa hadi siku ambayo ripoti ya mkopaji inasomwa. Nchini Marekani, ambako alama za mkopo huamua kama mtu atakopeshwa na kwa riba gani, umri huo ni miongoni mwa mambo yanayohesabiwa, na ndiyo maana anayetaka kuomba kadi mpya huonywa mara kwa mara kwamba kadi hiyo itazishusha alama zake. Onyo hilo lina ukweli, lakini kwa kawaida hutolewa bila hesabu. Matokeo yake, mmoja huogopa kadi ambayo isingemdhuru, na mwingine hufungua kadi wakati uleule ambao alipaswa kusubiri.

Tarehe ya kufunguliwa kwa kila akaunti huandikwa katika ripoti zinazotunzwa na kampuni tatu kubwa za kumbukumbu za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, ambazo hupokea taarifa kutoka kwa benki na wakopeshaji wengine. Alama hukokotolewa kutokana na ripoti hizo. Zinazotumika zaidi ni alama za FICO, zilizoanza mwaka 1989, ambazo katika toleo lake la kawaida huanzia 300 hadi 850. Kwa maelezo ya wenye mfumo huo, historia ya malipo hubeba asilimia 35 ya uzito, kiasi cha madeni asilimia 30, urefu wa historia ya mikopo asilimia 15, mikopo mipya asilimia 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10. Uzito huo ni wa watu kwa ujumla. Kwa mtu ambaye historia yake ni fupi, au ambaye amewahi kushindwa kulipa, mgawanyo unaweza kuwa tofauti.

Umri wa akaunti umo katika ile asilimia 15, na humo ndani hautazamwi kwa namba moja. Mfumo huangalia akaunti kongwe kuliko zote ina muda gani, akaunti changa kuliko zote ina muda gani, na wastani wa umri wa akaunti zote zikijumlishwa. Siku kadi mpya inapofunguliwa, akaunti kongwe haiguswi hata kidogo: kama ilikuwa na miaka 12, itabaki na miaka 12 na kuendelea kukua. Umri wa akaunti changa ndio unaorudi kwenye sifuri, na wastani ndio unaoshuka. Kwa hiyo anayesema kwamba kadi mpya inafuta historia ya mtu amekosea. Historia iko palepale, ila sasa imegawanywa kwa akaunti nyingi zaidi.

Tumchukue mtu mwenye kadi mbili, moja ya miaka 12 na nyingine ya miaka 8. Jumla ya umri wake ni miezi 240, na wastani ni miezi 120, yaani miaka 10 kamili. Akifungua kadi ya tatu leo, ile miezi 240 itagawanywa kwa tatu na wastani utakuwa miezi 80, sawa na miaka 6 na miezi 8. Kwa siku moja amepoteza zaidi ya miaka mitatu ya wastani, na hilo likitazamwa peke yake linatisha. Sasa tumtazame mwingine mwenye akaunti 10 ambazo wastani wake pia ni miaka 10. Yeye ana jumla ya miezi 1,200, na akiongeza akaunti ya kumi na moja wastani wake utakuwa takribani miezi 109, yaani miaka 9 na mwezi mmoja. Wawili hao wamefanya jambo lilelile siku ileile, lakini wa kwanza ametikisika na wa pili ni kama ameguswa bega tu. Anayeumia zaidi ni yule mwenye kadi moja pekee ya miaka miwili, kwa sababu kadi ya pili hukata wastani wake katikati, kutoka miezi 24 hadi miezi 12.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba wastani huo hujijenga wenyewe. Mtu asipofungua akaunti nyingine, kila mwaka unaopita huongeza mwaka mmoja mzima kwenye wastani wake, kwa kuwa akaunti zote huzeeka pamoja. Yule mwenye kadi tatu, baada ya miezi 12, atakuwa amefika miezi 92. Hawezi kuharakisha mwendo huo, wala halazimiki kufanya lolote ili uendelee, isipokuwa kulipa kwa wakati na kutorudia kufungua kadi kila baada ya miezi michache. Binafsi naona hapa ndipo penye hatari yenyewe: kadi moja mpya ni tukio linalopita, ilhali mazoea ya kufungua kadi moja baada ya nyingine huufanya wastani ubaki chini mwaka hadi mwaka.

Wapo wanaodhani kwamba wakiifunga upesi kadi waliyojutia, wastani utarudi ulipokuwa. Katika alama za FICO haiwi hivyo. Akaunti iliyofungwa ikiwa haina dosari huweza kubaki katika ripoti hadi miaka 10, na muda wote huo umri wake huendelea kuhesabiwa. Anayefunga kadi mpya hapati unafuu wa wastani. Anachopoteza ni kikomo cha mkopo ambacho kadi hiyo ilikuwa imemletea. Jambo hilohilo lina upande wa pili ulio wa faraja: anayefunga kadi kongwe hapotezi umri wake siku ileile, bali pengo huonekana miaka mingi baadaye, akaunti hiyo itakapoondoka kwenye ripoti. Alama za VantageScore, ambazo kampuni yake ilianzishwa mwaka 2006 na zile kampuni tatu za kumbukumbu, huweza kuziacha nje baadhi ya akaunti zilizofungwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu kukuta alama mbili zisizolingana siku moja.

Umri si kitu pekee kinachoguswa. Mtu anapoomba kadi, mkopeshaji huomba kuiona ripoti yake, na ombi hilo huandikwa. Hukaa katika ripoti kwa miaka miwili, lakini FICO huyahesabu yale ya miezi 12 iliyopita tu, na kwa watu wengi ombi moja hupunguza alama chache, mara nyingi chini ya tano. Mtu anapotazama ripoti yake mwenyewe, hakuna alama inayopungua. Anayezunguka kwa wakopeshaji kadhaa kutafuta mkopo wa nyumba au wa gari katika kipindi kifupi huhesabiwa kuwa ameomba mara moja; msamaha huo hauhusu kadi, hivyo maombi matano ya kadi hubaki matano.

Kwa upande mwingine, kadi mpya inaweza kuzipandisha alama kupitia ile asilimia 30 ya kiasi cha madeni. Mwenye kadi ya kikomo cha dola 5,000 anayedaiwa dola 2,000 anatumia asilimia 40 ya kikomo chake. Akipata kadi nyingine ya kikomo kilekile na deni lisiongezeke, matumizi yake hushuka hadi asilimia 20. Kwa kuwa kipengele hicho kina uzito maradufu ya ule wa urefu wa historia, huenda akaona alama zimepanda wakati wastani wa umri umeshuka. Faida hiyo ipo mradi tu kikomo kipya hakijageuzwa kuwa deni jipya.

Kwa sababu hiyo, swali linalofaa kuulizwa kabla ya kuomba kadi ni kama kuna mkopo mkubwa ulio karibu. Anayekusudia kuomba mkopo wa nyumba miezi michache ijayo asifungue kadi sasa, hata kama historia yake ni nzuri, kwa maana tofauti ndogo ya alama inaweza kumsogeza kwenye riba ya juu zaidi, na riba hiyo hulipwa kwa miaka hadi 30. Asiye na mpango wa namna hiyo ana nafasi ya kuuacha mshuko wa muda upite. Naye asiye na historia yoyote hana wastani wa kulinda: FICO haiwezi hata kumpa alama mpaka awe na akaunti iliyofikisha walau miezi sita, na kwake kuchelewa kufungua akaunti ya kwanza ndiyo hasara. Wazazi wengine humwingiza kijana wao kama mtumiaji wa ziada katika kadi yao ya siku nyingi, na mtoaji wa kadi akipeleka taarifa hizo, umri wa kadi hiyo huonekana pia katika ripoti ya kijana. Vivyo hivyo kwa makosa: mwenye kadi akichelewa kulipa, huenda ucheleweshaji huo ukaonekana kwa kijana pia.

Kabla ya hesabu hizi zote, ni vyema kuhakikisha kwamba tarehe zinazohesabiwa ni za kweli. Ripoti za kampuni zote tatu hupatikana bila malipo kila wiki kupitia tovuti ya AnnualCreditReport.com, na kila akaunti humo ina tarehe yake ya kufunguliwa. Ikiwa kadi ya miaka 12 imeandikwa kama ya miaka miwili, sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu ripoti za mikopo inampa mhusika haki ya kupinga taarifa hiyo bila gharama, na kampuni ya kumbukumbu hutakiwa kwa kawaida kuichunguza ndani ya siku 30.