Usimtafute Fahali: dhana potofu kuhusu visasili katika uchoraji wa dhahania

Mtu akisimama mbele ya mchoro wa dhahania, yaani usioonyesha vitu kama vinavyoonekana, macho hukimbilia kibandiko cha ukutani. Akisoma humo jina la mungu au shujaa wa Ugiriki ya kale, anarudi kwenye turubai kumsaka: pembe ziko wapi, upanga uko wapi? Asipoviona, anaondoka akihisi ametapeliwa. Chanzo ni dhana potofu tano, na hizi hapa moja baada ya nyingine.

"Jina ndilo ufunguo wa mchoro." Mwaka 1943 Jackson Pollock, mchoraji wa dhahania wa Marekani, alichora turubai yenye upana wa karibu mita mbili na nusu, akakusudia kuiita kwa jina la nyangumi, Moby Dick. James Johnson Sweeney, mhakiki na msimamizi wa maonyesho, akampendekezea jina la Pasiphaë, mke wa Mfalme Minos wa Krete, aliyempenda fahali akamzaa Minotaur, kiumbe nusu mtu nusu fahali. Inasimuliwa kwamba Pollock hakujua hata huyo Pasiphaë ni nani. Jina akalipokea, na nyangumi akawa malkia. Sasa wewe unayetafuta pembe humo, unamtafuta mnyama ambaye mchoraji mwenyewe hakuwa naye akilini.

"Dhahania maana yake haina mada." Hili liliwakera wachoraji wenyewe. Mwaka huohuo wa 1943, mhakiki wa New York Times alikiri kwamba michoro miwili imemchanganya: mmoja wa Adolph Gottlieb kuhusu kutekwa kwa Persephone, msichana aliyechukuliwa na mungu wa kuzimu, mwingine wa Mark Rothko kuhusu fahali wa Syria. Mwezi Juni wakamjibu kwa barua, mchoraji mwenzao Barnett Newman akiwasaidia kuiandika. Walishikilia kwamba hakuna mchoro mzuri usiohusu chochote, na kwamba mada yenye thamani ni ile ya msiba, isiyopitwa na wakati. Kuhusu Persephone walieleza kwamba kilichochorwa ni wazo la mbegu na ardhi yake, pamoja na ukatili wote uliomo. Ukilifikiria vizuri, ndiyo hadithi yenyewe: msichana anavutwa chini ya ardhi, na mbegu nayo hufukiwa. Na hapo vita vya dunia vilikuwa vimepamba moto; michoro ya matunda mezani isingewatosha.

"Hata mtoto angeweza." Hapa anayesemwa zaidi ni Cy Twombly, wa kizazi kilichowafuata akina Pollock. Kati ya 1977 na 1978 alichora turubai kumi kuhusu vita vya Troy, ambazo leo ziko katika jumba la makumbusho la Philadelphia. Zina penseli, kreyoni ya mafuta, michirizi ya rangi na majina ya mashujaa kwa mwandiko wa kukwaruza. Katika jina la kazi hiyo mji huo umeandikwa "Iliam" badala ya "Ilium", jina lingine la Troy, na wapo wanaodhani ni kosa la tahajia. Aliitaka herufi A kwa ajili ya Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki katika vita hivyo. Mkono wenyewe pia aliufunza uache ustadi: alipokuwa jeshini, miaka ya 1950, alikuwa akichora gizani bila kuona anachokifanya. Mimi naona mtoto hana haja ya kujisumbua hivyo.

"Ni mambo ya wanaume na vita vyao." La hasha. Mchoraji wa kike Lee Krasner alichora *Gaea*, mungu wa kike wa ardhi, mwaka 1966 kwenye turubai ya zaidi ya mita tatu. Elaine de Kooning, mwanamke mwingine, naye alimrudia Bacchus, mungu wa mvinyo, mara nyingi.

"Bila kuisoma hadithi hutaelewa kitu." Kuisoma kunasaidia, sikatai. Lakini mojawapo ya zile turubai za Twombly inahusu kisasi cha Achilles baada ya rafiki yake Patroclus kuuawa. Hakuna mwili wala uso. Kuna umbo moja refu mfano wa herufi A, limekwaruzwa kwa mistari iliyopitiwa tena na tena, nalo linapanda likizidi kuwa jembamba. Simama mbali, usisome kibandiko. Kabla hujajua aliyekufa ni nani na anayemlilia ni nani, utakuwa umeshaiona ile ncha iliyo juu kabisa, nyekundu.