Kutu Iliyolala: Pikapu Kongwe ya Bara Inapovuka Maji

Chuma kizima ukikigonga kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito ya pwa, kama fenesi lililopitiliza kuiva. Nina zaidi ya miaka 20 chini ya magari hapa Chake Chake, Pemba, nanyoosha bodi, nakata, nachomelea, na siku hizi sikio naliamini kuliko jicho, maana jicho linahongwa na rangi.

Karafuu zikikubali, msimu ukimalizika tu watu wananijia na simu mkononi. "Fundi, hebu itazame hii." Ni Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kebini moja, springi za majani nyuma, iko bara huko, inang'aa kama imetoka dukani jana. Mara nyingine ni Land Cruiser ya zile za 40, ambazo Toyota ilizifungia ukurasa mwaka 1984, au Land Rover 109. Siwalaumu. Gari hizi zinafunguka kwa spana, hazina kompyuta ya kugombana nayo, na wengi wetu tulizipanda nyuma tukiwa wadogo, tumekaa juu ya magunia, tunakwenda Wete. Swali lao huwa moja: ina kutu? Na mwenye gari huwa keshajibu kwamba haina hata chembe.

Maalim mmoja mstaafu, wa upande wa Konde, aliliamini jibu hilo. Alitumiwa picha 14 kwa WhatsApp, akatuma pesa, gari ikapanda meli. Alipoishusha Mkoani akanipigia kwa furaha. Alitaka nimtazamie breki tu. Nikaiinua kwa jeki. Chini kote imepakwa lami nyeusi, mpya, laini. Mie nikiona lami mpya chini ya gari ya miaka 40, moyo unanipiga. Nikachukua bisibisi nikaisukuma kwenye chasisi, pale springi ya nyuma inapofungwa. Ikaingia mpaka mpinini. Maalim alikuwa amesimama nyuma yangu, kimya. Baadaye akauliza, "Fundi, hilo ni tundu la kiwandani?"

Halikuwa la kiwandani.

Chuma kinaoza kikipata maji na hewa pamoja. Chumvi ikiingia katikati huyafanya yale maji yapitishe umeme mdogo mdogo, na uozo unakwenda mbio. Lakini chumvi ina tabia nyingine, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wa visiwani. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Jikoni kwenu mnalijua hili: kibakuli cha chumvi kilichoachwa wazi usiku, asubuhi kimelia maji. Hewa ya Pemba hukipita kiwango hicho usiku baada ya usiku. Basi gari yenye chumvi ndani ya maungio yake, hata ukiifungia bandani isionje tone la mvua, hulowa tena kila giza likiingia.

Dodoma ni habari nyingine. Mvua yake ya mwaka ni kama milimita 570, wakati Unguja hupata zaidi ya 1,500. Miezi ya kiangazi hewa ya kule inakauka mpaka midomo inapasuka. Pikapu yenye kutu inaweza kukaa huko miaka 10 na ile kutu isisogee. Haijapona, imelala. Ivushe maji, iache wiki chache kwenye upepo wa kusi, itaamka. Ndiyo maana simwiti kila muuzaji wa bara mwongo. Pale alipo, kweli hailiwi.

Kwa hiyo siku hizi nauliza mawili: gari imelala wapi maisha yake, na imebeba nini?

Maana bara nayo si sehemu moja. Gari ya Singida iliyobeba alizeti haifanani na ya Tanga au Bagamoyo iliyoegeshwa mbele ya bahari. Wala kuwa mbali na bahari peke yake hakutoshi. Uvinza, kule Kigoma, kunatengenezwa chumvi, na gari iliyobeba magunia yale imeshakula chumvi bila kuiona bahari. Hapa kwetu zinazonipa kazi kubwa ni za dagaa na za mwani. Dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi, na wakipakiwa kabla ya kukauka sawasawa wanachuruzika njia nzima. Mwani nao wengine huupakia mbichi. Maji yale yanapita kwenye maungio ya bodi ya nyuma na kutua juu ya chasisi, mahali ambapo hakuna mtu anayeosha. Ipo pikapu ya dagaa ambayo nimeikata sakafu mara mbili ndani ya miaka 5. Mwenyewe bado ananiambia tatizo ni rangi niliyotumia.

Wanaoagiza Japani nao wasijisahau. Kaskazini ya kule, Hokkaido na Tohoku, theluji ikianguka barabara humwagiwa chumvi. Karatasi ya mnada wa huko, inayoonyesha hali ya gari, ina mchoro wa gari wenye herufi: S ni kutu ya juu juu, C ni kutu iliyokwisha kula, na tarakimu inayofuata herufi ikiwa kubwa, jua hali ni mbaya zaidi. Itake karatasi yenyewe, usiridhike na wakala anayekusimulia kilichoandikwa. Wamarekani wa majimbo ya theluji wanaijua shida hii. Mwenye kutaka pikapu kongwe huifuata hadi jangwani, Arizona. Na wala si maradhi ya vikongwe tu. Mwaka 2016 Toyota ilikubali huko Marekani mpango wa fidia wa hadi dola bilioni 3.4 kwa sababu ya kutu ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia, na hizo zilikuwa gari za juzi juzi.

Mara ya pili Maalim alinijia kabla ya kutuma pesa. Gari iko Dodoma. Nikamwambia, atafutwe fundi wa huko huko asiyejuana na muuzaji, na alipwe kwa kutazama, iwe gari itanunuliwa au haitanunuliwa. Dalali analipwa gari ikiuzwa, sasa atakwambiaje usinunue? Maalim akatoa shilingi 60,000 na nauli ya bodaboda. Akalalamika kidogo, nikamkumbusha lile tundu la kiwandani.

Kwa yule fundi sikutaka picha. Nilitaka video moja isiyokatwa, yenye sauti, apite na nyundo ndogo kwenye chasisi kutoka mbele hadi nyuma, agonge kila shibiri moja, upande huu kisha upande ule. Nikakaa barazani na simu sikioni, ngo, ngo, ngo. Mke wangu akaniuliza hiyo ngoma ya wapi. Pale springi za nyuma zinapofungwa nilimwomba arudie, na juu ya ekseli ya nyuma ambako matope hujikusanya, na kwenye mipira inayobeba kebini. Chasisi ya Hilux ni boksi, ndani tupu. Vumbi na maji vikiingia havitoki, na uozo unaanzia ndani kuja nje. Siku unayouona nje, ndani pameshakwisha. Kwa hiyo aliweka kamera mdomoni mwa kila tundu, hayo ya kiwandani ya kweli, tochi imewaka, nikatazama. Udongo mwekundu, mkavu, unaomwagika kama unga. Nilifurahi kuuona.

Kwenye kebini aliinua zulia lote, upande wa abiria pia, kwa sababu wauzaji hukunjua upande wa dereva tu. Akapita gata lililo juu ya kioo cha mbele, pembe za chini za milango, na nyuma ya kiti. Halafu sumaku, imefungwa kitambaa chembamba isikwaruze. Boneti iliishika vizuri. Kwenye digadi la kushoto ikateleza ikaanguka. Hapo kuna puti nene, ile ya kujazia mabonyeo kabla ya rangi, nayo sumaku haiishiki. Puti si haramu, mie mwenyewe nakula mkate kwa puti. Linalotakiwa ni kujua imefunika nini. Pale ilifunika mbonyeo wa ajali ya zamani na chuma cha nyuma yake kilikuwa kizima, tukapunguziwa bei.

Kwa Land Rover sumaku haina kazi, bodi yake ni aluminiamu. Watu husikia hivyo wakadhani haiozi. Chasisi yake ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na kebini ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma huku kuna maji ya chumvi katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kwenye maungio, si vumbi.

Namba ya chasisi isomeke kwenye chuma chenyewe na ilingane na kadi. Kama kutu imeila, au kipande kimechomelewa juu yake, achana nayo hata ikiwa nzuri vipi. Habari za kodi na za kuitoa kwenye namba ya T ya bara kuja ya Z ya Zanzibar, muulize wakala wa forodha kabla ya kulipa. Mie ni wa nyundo.

Lipo moja ambalo hata mafundi wenzangu hulisahau. Jua linalohifadhi chuma cha Dodoma huua mipira. Mpira wa kioo cha mbele na wa milango unakuwa mgumu, unapasuka, na kule haigunduliki kwa sababu mvua ni chache. Masika ya kwanza ya Pemba, maji yanateremka nyuma ya dashibodi, yanalala chini ya zulia, na sakafu iliyokaa miaka 40 salama inatoboka. Ya Maalim tuliiagizia mipira ikiwa bado Dodoma.

Ilipofika hatukupaka kitu. Tuliiosha chini kwa maji baridi ya bomba, kwa sababu kisima cha karibu na pwani kina chumvi yake, tukaingiza mpira wa maji ndani ya boksi mpaka yakatoka meupe. Kisha tukaiacha ikauke. Siku ya tatu Maalim akaanza kuniuliza kwa nini siimalizi kazi. Nikamuuliza mabaharia wanafanyaje: chombo kinapandishwa pwani, kinakauka, ndipo kinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, juu, na deheni, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, chini. Nani amewahi kupaka deheni chombo kikiwa majini? Lami juu ya chuma chenye unyevu inayafungia maji ndani, na hivyo ndivyo ilivyouliwa ile gari ya kwanza. Oili chafu nayo, ambayo kila mtu ananishauri, inalainisha na kuharibu bushi za mipira, na inadondoka kwenye ardhi tunayochimba visima.

Palipokuwa na kutu tulisugua kwa brashi ya waya, tukapaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki mpaka ikageuka nyeusi, kisha redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe. Ndani ya boksi tulipuliza nta iliyoyeyushwa na oili mpya, ikiwa ya moto ili ipenye. Kila mwaka, kabla ya masika, inarudiwa.

Matundu ya kutolea maji chini ya milango na chini ya kebini hayatakiwi kuzibwa na nta, wala na majani ya mikarafuu. Maalim ana spoku ya baiskeli ndani ya dashibodi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga, anapita tundu moja moja anazibua, na akikuta wajukuu wameichukua spoku kuchezea, nyumba nzima inasikia.