Pingili Moja Haitoshi Kutaja Spishi

Ukiokota mfupa wa mtambaazi wa baharini wa kale, mara nyingi utakuwa pingili ya uti wa mgongo. Pingili hutaja kundi la mnyama upesi, lakini spishi ni suala jingine.

Iangalie kwa mwanga wa pembeni. Ikiwa ni fupi kama sahani na imebonyea sana mbele na nyuma, ni ya iktiosauri, mtambaazi mwenye umbo la samaki. Ikibonyea mbele na kutuna nyuma, ni ya mosasauri, jamaa wa mijusi. Ya plesiosauri, mtambaazi mwenye makasia manne, ni bapa au imebonyea kidogo tu. Igeuze hiyo ya plesiosauri, na upande wa chini utaona vitundu viwili vya mishipa ya damu. Vitundu hivyo huzibwa na udongo mgumu, na anayekwangua kwa kisu huviharibu. Tumia brashi laini na sindano, polepole.

Pingili ya shingo iliyo ndefu kuliko kimo chake, yenye ukingo mwembamba ubavuni, huelekeza kwenye familia ya elasmosauri, plesiosauri wenye shingo ndefu. Hapo ndipo wengi hukosea. Mnyama mchanga ana pingili fupi zaidi, na tao la mfupa lililo juu halijashikamana na mwili wa pingili. Asiyekagua mshono kati ya sehemu hizo mbili humpa mtoto jina la spishi mpya.

Elasmosaurus platyurus alipatikana Kansas, Marekani, mwaka 1867. Mtaalamu wa visukuku Edward Drinker Cope alimpa jina mwaka 1868, lakini akamwekea kichwa kwenye ncha ya mkia. Mtaalamu mwenzake Joseph Leidy alilieleza kosa hilo hadharani mwaka 1870. Pingili zenyewe huonyesha mwelekeo: jozi ya mbele ya vibawa vya maungio, yaani vijitokezo vinavyounganisha pingili na jirani yake, hutazama juu, ya nyuma hutazama chini.

Baadaye jina Elasmosaurus lilibandikwa kwenye pingili nyingi za mojamoja. Leo spishi inayokubalika ni hiyo moja, kwa sababu kielelezo chake kilichohifadhiwa Philadelphia kina sifa za kulinganisha: pingili 72 za shingo, na meno sita kila upande wa ncha ya taya la juu. Mifupa yake ya mabega na nyonga ilipotea baada ya kuchimbuliwa. Kwa hiyo mabega peke yake yakichimbuliwa Kansas kesho, hata yawe mazima kiasi gani, lebo yake iandikwe familia tu, pamoja na tabaka la mwamba yalimotoka.