Unataka mbetula Mwanza? Soma kwanza kabla hujatoa hela

Mvua za vuli zikikaribia wateja wanajaa kitaluni, na kuna wanaokuja na picha kwenye simu ya mti mweupe pee, gamba linabanduka kama karatasi, "kaka huu nataka uwe pale getini". Huo ni mbetula, mti wa Ulaya kaskazini, Urusi na Kanada huko, ni mzuri mno naupenda, ndo maana nasema ukweli: Mwanza hautakaa.

Unahitaji miezi ya baridi kali upukutishe majani ulale ndo uamke na nguvu, na sisi huku ziwani usiku wa baridi kabisa unajifunika shuka tu. Halafu mizizi yake iko juujuu, inataka udongo wa ubaridi na unyevu muda wote, sasa mlimani kama Isamilo udongo wenyewe kiduchu juu ya jiwe, jua likilichoma jiwe kutwa nzima mizizi inaiva. Na weupe wenyewe hauji haraka, mche mdogo una gamba la kahawia.

Mi nakupa mgunga wa gamba la njano, ile mirefu ya Serengeti kando ya mto Seronera. Shina lina unga wa njano, pangusa kwa kidole uone kijani chini yake, hicho kijani kinatengeneza chakula cha mti kama majani yanavyofanya. Wazungu wa zamani waliusingizia malaria kisa unaota penye majimaji, kumbe ni mbu tu walikuwa jirani! Mbegu zake ni ngumu, kwa hiyo chemsha maji, epua, zimwagie, ziache humo mpaka kesho, zilizovimba ndo unapanda kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche. Una miiba mirefu myeupe, usiuweke wanapopita watoto, na kaa nao mbali na ukuta.

Penye mawe chimba shimo pana, changanya samadi iliyooza vizuri, tandaza nyasi kavu ila zisiguse shina maana mchwa watapandia hapohapo. Na jamani maji, kikombe kila siku hakisaidii, kinalowesha juu tu na mizizi inabaki hukohuko juu, bora ndoo nzima jioni mara mbili kwa wiki, umwagie taratibu mpaka izame yote, ufanye hivyo kiangazi chote cha kwanza.